Guno la Ubavu wa Tisa

Marlow Fork, Missouri
2 Machi 1952

Kwa Verna, mjukuu wangu, Daktari-Yuko-Njiani,

Mgongo huu ninaoulalia umetoa madaktari mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka mtihani wa leseni. Muulize yeyote hapa mjini.

Haya, usimuulize mtu. Ni kumi na mmoja, kumi na wawili nikikuhesabu wewe, na mmoja wao siku hizi anauza matrekta. Na habari ya kutoanguka, mama yako kaninong'oneza jana kanisani, mdomo kauziba kwa kitabu cha nyimbo, kwamba ulifanya mtihani wa bodi Desemba na bodi ikakurudisha. Miezi mitatu, Verna. Krismasi ulikaa mezani pangu ukala nyama ya nguruwe vipande vitatu, nikakuuliza mtihani ulikuwaje, ukajibu, "Baridi, Babu." Nikadhani unasema ukumbi.

Sikukasirika. Nimepigilia viatu nyumbu miaka arobaini. Nimeshapigwa mateke na wenye akili kuliko hao wanabodi. Lakini nina haki ya kujua. Chuo hiki cha madaktari wa mikono kikitaka watu wa kulala mezani wanafunzi wajifunzie, si sisi wazee tunaoitwa? "Migongo," ndiyo wanavyotuita, kama hatuna vichwa. Nililala juu ya ile meza kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka minne, uso chini, ukinikanda kama unga wa mkate. Ukianguka wewe, na mgongo umeanguka. Sasa sema, walikuambia nini?

Otha Grubbs, mgongo mwenzangu, anakusalimu. Anasema ungejifunzia kwake ungepita. Mpuuze. Mgongo wa Otha ni gunia la viazi, ukigusa popote kuna kitu.

Babu yako,
Ansel Prewitt


Tarkley, Missouri
9 Machi 1952

Babu,

Nisamehe. Nilitaka nirudie kwanza, nipite, ndipo nikuambie yote mawili kwa pamoja.

Maandishi nilipita. Kilichoniangusha ni mikono. Wanatuita kwa namba, si kwa majina. Mimi nilikuwa kumi na tisa. Mezani amelala mtu usiyemjua, amekatazwa kusema wala kutikisika. Wanabodi watatu wameshampapasa kabla yako, wameandika walichokikuta, karatasi wameilaza kifudifudi. Halafu ndiyo zamu yako. Pingili ipi imekaza, ubavu upi haupandi mtu akivuta pumzi, wapi pana joto. Usipokuta walichokikuta wao, umekwisha.

Waliniandikia sentensi moja. Nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo: "Namba 19 huacha kupapasa kwenye ubavu wa tisa."

Babu, naapa nilidhani nimeshuka mpaka nyongani. Tangu hapo najichunguza hapa hospitalini ninakofanyia mazoezi ya kazi, na ni kweli. Mikono inashuka vizuri, ikifika ubavu wa tisa upande wa kushoto inasimama, kama nyumbu kwenye daraja. Nikiilazimisha inashuka, lakini haisikii kitu tena. Ni kama nimevaa glovu za baridi.

Wiki iliyopita aliletwa mama mmoja anaumwa kiuno. Nilimpapasa, nikasema sioni kitu. Daktari Haskew, mkuu wangu, akaja nyuma yangu, akashuka vidole viwili tu chini ya pale nilipoishia, akakuta jipu limekaa juu ya figo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Mtihani wa pili ni tarehe 10 Juni. Nikianguka tena narudia mwaka mzima wa chuo, na nafasi yangu hapa anapewa mwingine. Hilo naweza kulibeba. Ninachoogopa ni yule mgonjwa atakayefuata, ambaye Haskew hatakuwepo nyuma yangu.

Pasaka nije, unilalie mezani tuanze upya? Na jaribu kukumbuka: miaka ile, niliwahi kupita pale kwako?

Verna


Marlow Fork
14 Machi 1952

Verna mwanangu,

Pasaka usije. Mgongo uko likizo. Nina mafua, banda linavuja, na mama yako amealika watu wa kwaya, nyumba itajaa soprano. Jifunzie kwa wauguzi wa huko, wana migongo mizuri kuliko mimi, nakumbuka.

Lakini nikuungamie jambo, ucheke. Sisi migongo tuna desturi yetu ambayo chuo hakiijui. Mwanafunzi anapapasa, mwalimu kasimama juu yake na kalamu, mtoto wa watu anatetemeka vidole mpaka unahisi umelaliwa na kuku mwenye homa. Utafanyaje? Unaguna. Guno dogo la puani, mwalimu asisikie. Mtoto anasimama, "Hapa, Daktari." Anaandikiwa alama, wote mnakwenda kula. Otha anaguna kila mahali kwa kuwa ni mpumbavu. Mimi nina guno moja tu, safi, na nililiweka ubavu wa tisa. Ni namba nzuri, tisa.

Kwa hiyo huenda miaka minne mikono yako ilikuwa ikisikiliza pua yangu badala ya mifupa yangu. Nilikusudia mema. Nyumbu ukimsaidia sana kupanda mlima, anasahau kupanda.

Dawa yake ni ndogo. Ukifika pale, pita. Hakuna anayekugunia huko.

Babu


Tarkley
25 Machi 1952

Babu,

Sikucheka.

Siku nne sikukuandikia kwa sababu ya hasira. Nilipewa alama za juu kuliko wote kwenye somo la mikono. Kumbe zilikuwa alama za pua yako. Kuna watu wanajilaza mbele yangu hapa wakiamini nimesoma.

Hasira ilipopungua nikaanza kufikiri, na sasa ningependa nirudi kwenye hasira.

Nimewaandikia watatu waliojifunzia kwako. Wawili wamejibu, na mmoja wao, Wendell Sipes, ambaye sasa yuko hospitali ya hapo hapo Marlow Fork, amekiri kwa aibu kwamba na yeye mikono yake inasita pale pale. Kushoto tu. Waliojifunzia kwa Otha hawana tabu hiyo. Nimefungua na madaftari yangu. Miaka miwili ya kwanza nimeandika mambo ya mgongo wako wote, juu mpaka chini: nyonga, kiuno, mguu ule uliopigwa teke. Kuanzia vuli ya 1949, ni ubavu wa tisa, ubavu wa tisa, ubavu wa tisa. Mara arobaini na moja. Chini yake hakuna neno.

Mtu anayeguna kwa huruma anaguna popote. Wewe uliguna mahali pamoja, mapema, ili mikono isimame kabla ya kufika mahali fulani.

Mahali gani, Babu?

Nijibu bila mzaha hata mmoja.

Verna


Marlow Fork
29 Machi 1952

Verna,

Nimechana barua tatu. Bila mzaha mimi huandika kama wakili.

Kuna kitu. Kiko chini ya ubavu wa mwisho, kushoto, ndani ndani. Nilikikuta vuli ile ya 1949 nikijisugua mgongo bafuni. Nikasema ni msuli. Msuli gani unakaa upande mmoja tu, sikujiuliza. Jumanne iliyofuata mikono yako ikawa inashuka, ukahesabu kwa sauti, saba, nane, tisa, na mimi jasho linanitoka kwenye ngozi ya ile meza. Nikaguna. Ukasimama. Sijawahi kuona raha kama ile maishani, na nimeoa.

Samahani, huo ni mzaha.

Tangu hapo nikawa naguna kila Jumanne na kila Alhamisi. Kwako na kwa wenzako. Nilijiambia kisichoguswa hakipo. Unamkumbuka bibi yako Hester? Ulikuwa mdogo. Aliingia hospitali kwa miguu yake, kavaa kofia ya bluu, ananiagiza nisisahau kuku. Siku kumi na moja baadaye tukamtoa kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na kitu kidogo tu mpaka walipokigusa. Ndivyo nilivyoamini, na usinieleze kwamba sivyo, najua sivyo. Kujua hakunisaidii. Mkojo wangu mara mbili tatu umekuwa mwekundu kama juisi ya biti, na bado nikasema ni biti nilizokula.

Nilidhani najificha mimi peke yangu. Sikujua naharibu mikono ya watu. Yule mama wa jipu huko kwako, namuota.

Mama yako hajui. Usimwambie.

Babu


Tarkley
17 Aprili 1952

Babu,

Nimefika salama. Basi lilichelewa na nililia mpaka mji wa Chillicothe, dereva akanipa sandwichi yake.

Nataka niandike yaliyotokea Pasaka kabla hujayageuza kuwa kichekesho cha dukani kwa kinyozi. Mama na kwaya walikuwa sebuleni. Ulilala juu ya meza ya jikoni kati ya bakuli la mayai na mkate wa mahindi, ukasema, "Fanya haraka, kabla hawajafika ubeti wa mwisho." Nikahesabu. Nilipofika tisa mikono ikasimama ikingoja guno. Halikuja. Nilisikia kuku nje, nikasikia pumzi yako. Ni mara ya kwanza kukusikia umenyamaza. Nikashuka.

Kile kitu kipo. Kina ukubwa wa yai la bata, kigumu, kinashuka kidogo ukivuta pumzi. Nimemweleza Daktari Haskew. Amesema inawezekana ni figo, kwamba uvimbe mwingine hukaa mahali pamoja kwa miaka na mwingine siku moja hautaki tena kukaa, na kwamba mikono haiwezi kusema ni upi. Anataka upigwe picha wiki hii.

Na wewe ulifanya nini? Uliinuka, ukafunga vifungo vya shati, ukasema kama unayeuza nyumbu: "Tupatane. Ukipita mtihani, nakwenda. Ukianguka, nabaki na yai langu."

Babu, hayo si mapatano. Nilikuwa naogopa mtihani tu. Sasa kila nikifungua kitabu nakuona wewe. Karibu miezi miwili nitembee na roho yako mfukoni, halafu niende kuipapasa mbele ya watu watatu? Na wakiniangusha kwa pingili moja, ndiyo umekufa kwa pingili moja?

Nakuomba. Uyavunje. Nenda sasa kwa Wendell, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako.

Verna


Marlow Fork
25 Aprili 1952

Verna,

Mapatano ni mapatano. Niliwahi kubaki na nyumbu kipofu miaka sita kwa sababu nilishapeana mkono.

Soma. Nikienda sasa utakuja ukae kitandani kwangu unanishika mkono, bodi itakuja kukutahini wapi? Yai limekaa miaka miwili na nusu, halitaanguliwa kabla ya Juni.

Mama yako ameanza kuniangalia. Nimemwambia nimepungua kwa sababu ya mapishi yake. Hatujasemeshana tangu Jumapili, kwa hiyo siri iko salama.

Babu


Tarkley
11 Juni 1952

Babu,

Jana nilikuwa namba saba.

Mezani alikuwa mama mzee, nywele amezifunga kwa kitambaa cha kijani. Sikuuona uso wake. Mwanabodi wa katikati ni yule yule wa Desemba. Nadhani alinikumbuka, maana alivuta kiti mbele.

Nilianza shingoni. Nilikuta pingili ya pili imegeuka, nikasema. Nilikuta mabega, nikasema. Nikashuka kushoto. Saba, nane, tisa. Mikono ikasimama.

Babu, nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mmoja wao akakohoa. Mama yule hakuguna. Nilitamani agune hata kwa bahati mbaya. Nikafikiria kukimbia, kwa kweli kabisa, niliangalia mlango. Kisha nikaona ngozi ya mgongo wake imesisimka vipele vya baridi, nikafahamu kwamba na yeye anaogopa. Kalala uso chini mbele ya watu wanne waliovaa nguo, hajui nitamkuta na nini. Na kama kuna kitu, anataka kikutwe, na hapo hapo anaomba kisikutwe. Nakujua wewe, kwa hiyo nilimjua yeye.

Nikapasha mikono joto kwa pumzi yangu, nikashuka. Safari hii haikuwa na glovu. Chini ya ubavu wa kumi na mbili nikakuta msuli umejikunja, mgumu kama kamba, na pembeni yake pana joto. Nikasema. Nikasema pia kwamba huyu asiguswe zaidi mpaka apimwe mkojo.

Wanabodi waliandika. Majibu yatakuja baada ya wiki mbili.

Sijui nimepita au la. Najua nimeshuka. Niliogopa kuliko siku yoyote, na nikashuka hivyo hivyo na woga wangu.

Verna


SIMU YA MAANDISHI
Tarkley, 24 Juni 1952
KWA ANSEL PREWITT, MARLOW FORK

NIMEPITA. SABINI NA TANO KWA MIA. SASA ZAMU YAKO. VERNA


Marlow Fork
26 Juni 1952

Kwa Daktari Verna Prewitt,

Sabini na tano, na chini ya sabini na tano hawapitishi. Ukoo wetu haujawahi kupoteza nguvu bure. Nimeibandika simu yako dukani kwa kinyozi, juu ya bei za kunyoa. Otha ameisoma mara mbili akasema yeye angekupa themanini.

Sasa kaa chini.

Sikungoja simu yako. Mapatano niliyavunja zamani, Jumatatu ya tarehe 16, mara tu baada ya barua yako ya namba saba kufika. Niliisoma nimekaa ngazi za nyuma, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokamatwa nimeiba tikiti la shambani kwa mchungaji. Nitakuambia kwa nini, maana sasa wewe ni daktari na ni lazima uyasikie mabaya. Yale mapatano sikuyafanya ili usome. Niliyafanya ili nipate mlango wa kutokea. Kuna siku mwezi wa tano, mbili au tatu, nilikuwa nalisha kuku na nikajikuta naomba uanguke. Mjukuu wangu mwenyewe. Ili mimi nisiende. Kisha unaniandikia kwamba uliangalia mlango na hukukimbia.

Basi nikavaa shati la kanisani nikaenda kwa Wendell Sipes. Kanikaribisha vizuri, kanilaza mezani, kaanza kushuka. Saba, nane. Alipofika tisa, guno likatoka lenyewe. Naapa sikuliita. Miaka miwili na nusu limezoea, linajua kituo chake. Wendell akasimama palepale. Akasema, "Ahaa, ni hapa tu, Mzee Ansel, pamekaza kidogo," na nikasikia anafungua kalamu. Verna, nilikuwa nimeshapona. Ningevaa shati langu nikarudi nyumbani na karatasi ya daktari mkononi, na kama ningekufa lawama ingekuwa yake.

Nikalala pale nikisikia kalamu inaandika.

Nikasema, "Wendell, shuka."

Akasema, "Nini, Mzee?"

Nikasema, "Nilikudanganya chuoni. Shuka chini, na usiondoe mkono mpaka nikutukane."

Akashuka. Kisha akaniita "Bwana Prewitt," na hapo ndipo nikajua.

Wamenichoma dawa mshipani wakapiga picha. Ni figo la kushoto, linatoka lote. Daktari mpasuaji anasema jingine ni zima, na kwamba anadhani, anadhani tu, kitu hakijatoka nje ya gamba lake. Angekipata miaka miwili iliyopita asingetumia neno "anadhani." Hilo hakulisema, nimelisema mimi. Jumatatu tarehe 30, saa mbili asubuhi. Mama yako nimemwambia. Alilia, kisha akanichapa kwa taulo ya vyombo mpaka chumbani, kisha akanipikia kambare.

Wendell amewaandikia wengine wote kumi, amewaambia wajichunguze mikono. Nilitia sahihi chini. Yule wa matrekta amejibu kwamba kwake haina shida.

Naogopa. Naandika mchana kweupe, jua limejaa mezani, na naogopa kama mtoto. Sitaweka mzaha hapa.

Lakini una deni langu la hisani. Kwa miaka minne ya meza baridi sijakuomba kitu, kwa hiyo usiniambie una zamu hospitalini. Njoo Jumapili kabla hawajanichukua, na uje na mkasi mzuri. Kucha zangu za miguu sizifikii tangu majira ya baridi, zimekuwa kama kwato, na huko wanakulaza bila soksi. Nikatie wewe. Sitaki muuguzi nisiyemjua azione.

Babu yako,
Ansel Prewitt